Kabla Hujasimama Mbele Jumapili

Iftin, Garissa

Mumbua, mdogo wangu,

Mimi ni mzima wa mwili, moyo ndio hauna raha. Sikuulizi u hali gani, maana simu ya juzi ilinitosha. Nauliza tu kama unakula. Mama anasema unaletewa uji mpaka unapoa na kurudishwa jikoni, na wewe umeutazama ukuta. Nimesikia pia shemeji Musyoka anakuchotea maji mwenyewe. Mungu ambariki kwa hilo.

Huku joto limekaza. Nashona sare za shule na magauni ya harusi, mgongo unalalamika, lakini kazi ipo. Kinachonila ni kwamba mtoto wetu Mutinda alizikwa bila mimi. Nilifika stendi na mkoba wangu, Mumbua. Mto Tana ulikuwa umefunika barabara kule Madogo, mabasi yote yamesimama, watu wanayatazama maji tu. Nilirudi dukani nikalilia juu ya cherehani mpaka kitambaa cha mteja kikalowa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, sisemi nimeumia kama wewe. Lakini mimi ni mama yake mkubwa, na sikumtupia hata kiganja kimoja cha udongo.

Majirani walikuja kunipa pole. Mama Halima, anayeuza maziwa ya ngamia mlango wa pili kutoka kwangu, alikaa nami mkekani akaniambia "samir iyo iman", ndivyo Wasomali wanavyomtakia mfiwa subira na imani. Nikajikuta namweleza yote: kwamba mtoto alikufa hospitalini kwa homa ya mapafu, na kwamba mchungaji wenu alisimama kaburini akasema mtoto hachukuliwi bure, kuna dhambi mama yake ameificha, na asikae na akina mama wa kanisa mpaka aitubu. Mama Halima aliweka kikombe chini.

"Abaayo, dada yangu, mtoto ya miaka mbili amekufa, na basta anasema mama yake ndio mbaya? Hiyo iko kwa kitabu yenu?"

"Sijui," nikasema.

"Hujui aje? Si ni kitabu yako? Sisi sheikh akisema kitu, hata mtoto ya duksi, hiyo chuo ya Kurani, anaweza uliza imeandikwa wapi. Wewe hujasoma?"

Nikakubali kwamba sijasoma. Sisi tumelelewa kanisani, nyimbo zote tunazo kichwani, lakini Biblia yenyewe tumeifanyia nini? Tunaibeba Jumapili, tunaishonea jalada la kitambaa kizuri. Mutinda alipougua uliiweka chini ya mto wake imkinge na ndoto mbaya. Hata mimi ningeiweka. Ikakaa pale chini ya kichwa chake mpaka mwisho, haikufunguliwa, na tuliyemsikiliza ni mtu mmoja mwenye kipaza sauti.

Basi nikaanza kusoma. Hapa adhuhuri maduka hufungwa watu waende kuswali, na mimi hubaki na mlango umeegeshwa. Nilianza Mathayo kwa sababu sikujua mahali pengine pa kuanzia. Kuna siku nilielewa, kuna siku nilisinzia. Sehemu nyingine zilinitisha nikatamani kuwe na mtu wa kumuuliza, na hakuna. Lakini niliendelea.

Ndipo ukapiga simu juzi. Ukasema umeitafuta hiyo dhambi usiku na mchana hujaiona, na kwamba Jumapili utasimama mbele useme lolote, hata kwamba ulitoka nje ya ndoa, ili yaishe na uruhusiwe kukaa tena na akina mama wenzako. Mumbua! Ukishatamka hilo, Musyoka atalifanya nini? Neno likitoka mdomoni halirudi. Na kama dhambi za wazazi ndizo zinazoua watoto, kijiji chetu kisingekuwa na shule ya chekechea, tukianzia na watoto wa wazee wa kanisa.

Nina hasira, nisamehe. Hasira hiyo si juu yako.

Nakuomba jambo moja. Fungua Yohana, sura ya tisa. Isome kwa Kikamba, polepole, wewe peke yako. Kuna mtu aliyezaliwa kipofu, na wanafunzi wanamuuliza Yesu swali lile lile mlilotupiwa kaburini: nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake? Angalia alivyojibu, na alivyomfungua macho. Endelea uwaone wazazi wanavyonyamaza kwa kuogopa kufukuzwa sinagogi. Kisha umwone mtoto wao, yule aliyekuwa kipofu, anavyobanwa akiri asichokijua, naye anashikilia lile moja analolijua.

Usiniamini mimi. Mimi ni fundi wa nguo, naweza kukosea kama mchungaji wenu alivyokosea. Ndiyo maana nataka usome kwa macho yako. Wewe ndiye uliyekuwa ukiwasomea nyanya zetu wote maandishi ya chupa za dawa, na hakuna aliyewahi kunywa dawa ya mwingine.

Barua hii anakuletea Mwende, mwalimu wa kwetu anayefundisha Griftu, amepita hapa akielekea nyumbani kwa likizo, maana maji yameshaondoka barabarani. Atafika kabla ya Jumapili. Mpe chai.

Msalimie mama, umwambie dawa ya miguu nimeipata. Msalimie baba mdogo aliyechimba kaburi, nasikia hakumwachia mtu mwingine jembe. Musyoka mshike mkono kwa niaba yangu. Kaburini mpelekee mwanetu maua ya njano yale ya kando ya mto, useme ni ya mama mkubwa.

Na Jumapili wakikuita mbele, nenda na Biblia yako. Wakikuuliza dhambi, waambie hujui, kisha wasomee sura hiyo yote kwa sauti. Huenda wakakutoa nje. Yule kipofu walimtoa. Soma mpaka ufike hapo, mdogo wangu, uone ni nani aliyesikia amefukuzwa akaenda kumtafuta.

Dada yako anayekulilia,
Kalekye