Gia Niliivunja Mimi, Amechukuliwa Karanja

Mpendwa Mshauri, nakuomba msaada kabla sijapotea kabisa. Mimi ni dereva hapa Subukia, nimeendesha lori za jeshi Burma mpaka Wajapani wakajua mlio wangu, na ingawa shule niliachia darasa la tatu najua magari kushinda wenye vyeti. Bwana wangu ana gari la Kimarekani lisilo na klachi, gia hujibadilisha zenyewe, na gia boksi ilipochoka akaagiza mpya, ikaja ndani ya sanduku, akaniambia, "Dereva, usiguse, fundi atatoka Nakuru," kisha akaenda likizo Ulaya. Mimi nikamwambia Karanja wa bustani, fundi ni nani mbele yangu, tukalisukuma gari mpaka nyumbani kwangu, tukalipandisha juu ya magogo, tukatoa ile kuukuu na kuinua mpya kwa mnyororo, lakini ikabaki nafasi ya kidole kati yake na injini.

Karanja akasema, "Ndugu, tuishushe tuangalie."

Nikamjibu, "Wewe chunga maua ya memsahib, chuma niachie."

Nikaivuta kwa kukaza bolti, kama tulivyofanyia lori za jeshi, ikalia kama mfupa unaovunjika, na injini ilipowaka gari halikusogea hata inchi, mafuta yakamwagika yote.

Nyapara wa shamba alipoona akaita polisi, akisema hiyo ni kazi ya Mau Mau, na siku hizi Mkikuyu akisimama karibu na kitu kilichovunjika haulizwi mara mbili. Askari akaniuliza nani ameharibu. Mimi, mdomo mkubwa wa Subukia nzima, nikasema sijui. Karanja aliniangalia tu, akapanda lori la polisi, hakunitaja. Leo ni siku ya sita yuko kambi ya kizuizini. Mkewe Njoki huja kuniuliza habari, nami namjazia chupa ya maziwa. Mke wangu Cherono anasema nikikubali kosa tutafukuzwa shambani, sisi na watoto wanne na ng'ombe. Nifanye nini?

Dereva, Subukia

JIBU: Ndugu Dereva, nimeulizia fundi. Ile sehemu ya mbele ya gia boksi, inayoshikana na injini, haikuwa imeingia mpaka mwisho, na bolti zako zikavunja pampu ya mafuta iliyo ndani yake. Karanja alisema kweli, na wewe ulimcheka.

Nakuhurumia, lakini maziwa hayafungui kambi. Cherono hakosei, huenda mkafukuzwa. Ng'ombe watapelekwa kwa ndugu zako. Karanja atapelekwa wapi?

Usingoje Bwana arudi. Ukimaliza kusoma hapa, mwambie Njoki ukweli wewe mwenyewe, kisha nenda polisi ukiwa na pasta wako na ile pampu mkononi, ueleze kila bolti uliyokaza. Usiseme "tulifanya." Sema "nilifanya."

Jina lako nimelifuta katika gazeti hili. Huko polisi, liandike lote.