Picha Niliyomtafsiria Bibi Yako

Mjukuu wangu Eliya,

Kuna jambo nimemficha bibi yako tangu miaka ya tisini, na pumzi zangu sasa ni chache. Tunakusalimu. Maharage yamechanua, ila goti la bibi linamsumbua.

Umeuliza kwa nini bibi hulia akitazama filamu, nami nakaa mkavu kama msimamizi wa mtihani. Tena umesema umeipata ile picha aipendayo, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, utamletea Krismasi. Tangu niisome barua yako sina raha.

Tuliitazama kwenye banda la video Kasulu, Jumapili baada ya ibada. Nilisimama kando ya televisheni nikitafsiri Kiingereza kwa Kiha. Mwishoni daktari alitoka wodini akamwambia mama habari za mtoto wake mgonjwa.

"Mwalimu, mbona kimya? Mtoto vipi?" watu wakapaza sauti.

Bibi yako, aliyekuwa amemzika binti yetu mwezi ule, aliziba mdomo kwa kanga.

Nikasema, "Amelala. Homa imeshuka."

Picha ikaishia hapo, banda zima likapiga makofi.

Usiilete, mjukuu wangu. Yule mtoto wa kwenye picha alikufa. Miaka yote nimejiambia kwamba nilidanganya kwa ajili ya bibi, lakini mimi ndiye niliyeshindwa kulitamka neno hilo.

Babu yako