Nilitaja Jina la Kemunto

Ijumaa, Oktoba 1974

Mvua imeanza saa nane na haina dalili ya kukatika. Jua la kuingiza Sabato leo halitaonekana, tutakisia tu. Nimeshapika vya kesho, nimefua, nimesugua sufuria zote mpaka zikang'aa, kama mwanamke mwenye kwake.

Sina kwangu.

Naandika Kiswahili kwa sababu hapa bomani wengi wanasoma Biblia ya Ekegusii tu, na Kiswahili changu cha ualimu kitawachosha kabla hawajafika mahali penye aibu. Baba Kemunto angeweza kusoma. Lakini mume wangu hajawahi kufungua daftari langu, na tangu jana hanitazami hata usoni.

Uchaguzi huu, jameni! Rais mwenyewe alipita bila kupingwa. Redio ilitangaza, Mhindi wa duka pale Ekerenyo akapangusa vumbi kwenye picha yake, basi, rais tumepata, hakuna aliyepiga kura. Mimi mjinga nikafikiri yamekwisha. Kumbe yaliyobaki ni ya mbunge, na hayo ndiyo tuliyoachiwa tuumane nayo.

Kaka yangu Moturi alisimama. Tumbo moja, ziwa moja. Ni mwalimu mkuu na mzee wa kanisa, na alama yake ilikuwa taa. Ukoo nilikoolewa ukasimamisha mtu wao, alama yake jembe. Kuanzia siku hiyo nikawa mgeni katika nyumba niliyoikandika kwa mikono yangu mwenyewe. Nikifika mtoni wanawake wananyamaza. Kaka akinitumia ndizi kutoka ng'ambo ya mto, mama mkwe anazigeuzageuza kwanza, utadhani kura zimefichwa ndani. Baba Kemunto alikuwa akinitania kwamba analala na jasusi. Nilicheka naye. Siku hizo bado tulikuwa tunacheka.

Wiki mbili kabla ya kura wazee wakaamua kwamba sisi wake tuliotoka ukoo wa Moturi tule emuma. Emuma ni kiapo, na huku hakuna asiyekiogopa, hata wale wanaotembea na Biblia kwapani. Chifu akipata habari mnafungwa, kwa hiyo tuliingizwa zizini mchana, ng'ombe wakiwa malishoni, kijana mmoja akawekwa njiani kulinda. Unashika chungu chenye maji ya kiapo. Unaapa kwamba kura yako ni ya jembe. Halafu unataja kitu unachokipenda, kwamba ukidanganya kiende hicho, kisha unakunywa.

Ningeweza kukataa. Mwenzetu mmoja Mkatoliki alikataa, akatukanwa wiki nzima, na leo yuko jikoni kwake anamenya ndizi. Mimi niliyebatizwa kwa Wasabato wa Nyanchwa nilijiona mwerevu kuliko wote. Nilijiambia haya ni maji tu, Mungu anajua moyo wangu, nitasema maneno yao kisha nitafanya yangu. Nilikusudia kutaja ng'ombe. Lakini aliyenitangulia alitaja mwanawe wa kwanza, na zamu yangu ilipofika niliona haya. Wangesemaje, mwenzangu katoa mtoto, mimi natoa ng'ombe?

Nikataja Kemunto.

Nimeyafikiria haya mara nyingi wiki hii, na sipati pa kujitetea. Sikulazimishwa kumtaja. Niliona aibu mbele za watu, nikamtoa mtoto wangu kufuta aibu.

Siku ya kura niliweka alama kwenye taa. Ningewezaje kumnyima ndugu yangu? Ni yeye aliyebaki na kaptura moja mwaka mzima ili mimi niende shule. Nilitoka pale nikijisikia mtu mzima, mtu wa siri yake. Na matokeo yalipokuja, taa ilikuwa imeshindwa na jembe limeshindwa. Kiti kilichukuliwa na mtu wa tatu ambaye hapa kwetu hakuna aliyejishughulisha hata kumtukana.

Basi wazee wakaanza kutafuta ni mke wa nani aliyewauza.

Jumatatu Kemunto akashikwa na homa. Ana miaka minne, mtoto wa kelele, wa kukimbiza kuku na kuwapa majina ya walimu wenzangu. Jumanne alikuwa amelala tu, midomo imekauka. Mama mkwe alikuja akasimama mlangoni, hakuingia.

"Mokamwana," aliniita, jinsi mke wa mwana anavyoitwa huku, "huna neno la kusema?"

Nikamwambia sina, mama. Akaondoka bila kuaga.

Jumatano nilimfunga Kemunto mgongoni nikampeleka zahanati. Dresa alimtazama macho, akasema ni malaria, akamdunga sindano. Aliniambia nitulie, dawa inataka siku mbili kufanya kazi, nisitarajie miujiza. Nilimwelewa vizuri. Mimi mwenyewe nafundisha darasa la sita habari za mbu, nimechora mbu ubaoni mara ngapi?

Jana alfajiri mtoto akapigwa na degedege. Macho yaligeuka yakabaki weupe mtupu, mwili ukakakamaa mikononi mwangu. Yesu wangu. Mwalimu alinitoka, Msabato akanitoka, akabaki mama aliyemtaja mtoto wake juu ya chungu.

Saa tatu asubuhi nilikwenda kwa baba mkwe. Kwa miaka sita ya ndoa sijawahi kuketi naye chumba kimoja. Heshima yetu kati ya mkwe na mke wa mwana, chinsoni, hairuhusu, nikimwona njiani ninachepuka. Jana nilipiga magoti mbele yake na mbele ya ndugu zake wote nikasema, nilipiga kura ya taa. Mwacheni mtoto wangu.

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga. Walinong'onezana kidogo, kisha mzee akaongea huku akitazama ukuta, kwa sababu hata katika hali ile hakutaka kuvunja heshima kwa kunitazama. Aliyekula emuma akadanganya hawezi kukaa katika boma hili, atalimaliza. Nirudi kwetu mpaka ndugu zangu walete mbuzi wa kunitakasa. Mtoto ni wa ukoo, atabaki.

Moturi ni mzee wa kanisa. Nilimpelekea habari jana hiyo hiyo, akajibu kwamba ananiombea, lakini yeye hatachinja mbuzi kwa mambo ya giza. Hataleta. Namjua, akishasema amesema.

Baba Kemunto alinikuta nyuma ya jiko. Nilidhani ataniuliza kwa nini niliwasaliti. Aliuliza jambo moja tu, kwa sauti ya chini kabisa.

"Kwa nini hukunyamaza?"

Kumbe alijua. Alijua tangu siku ya kura, akanificha, akalala kando yangu na siri yangu, na mimi nimekwenda kuimwaga mbele ya baba yake. Alikwenda zake kupeleka majani ya chai kituoni.

Saa sita mchana homa ikashuka. Jasho lilimtoka Kemunto likalowesha blanketi, akafumbua macho, akaomba uji. Mama mkwe alipiga vigelegele, sasa boma zima linasema emuma imesikia toba. Dresa akisikia atasema ni sindano yake. Mimi nilihesabu saa. Tangu niungame mpaka mtoto aombe uji, saa tatu. Ningejikaza saa tatu tu.

Au angekufa katika saa hizo tatu. Sitajua kamwe, na kutojua huku ndiko kutanimaliza.

Wamenikubalia ningoje Sabato ipite. Kesho tutakaa benchi moja kanisani, tutaimba, na Jumapili asubuhi nitavuka mto na sanduku langu. Kemunto yuko hapa miguuni pangu, anatoa kila nguo ninayoikunja, anaivaa kichwani na kunicheka. Ameniuliza tunakwenda wapi. Nimemwambia mama anakwenda shule.

Akaniuliza kama nitarudi kabla ya uji wa jioni, nami nikamwambia ndiyo. Uongo wa chungu niliuungama. Huu nao nitauungama kwa nani?