Basi Lisilosikika

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limeacha kukusumbua. Mama je, kikohozi kimepungua? Mimi mwili hauna neno, ila moyo hautulii. Nimeamua kuandika maana kwenye simu ningesikia sauti yako nikaishia kukuuliza kama mvua imenyesha.

Serikali ilipotangaza kwamba mabasi ya dizeli yataondolewa mjini ili kupunguza hewa ukaa, ulicheka ukasema basi lisilonguruma si basi. Mimi nikawa miongoni mwa madereva wa kwanza kufundishwa yale ya umeme. Kwa kweli ni mazuri. Hayatoi moshi, wala jioni huteremki mgongo umekufa ganzi. Kwa kuwa hayana mlio, kanuni inataka kila moja lifungwe kipaza sauti mbele, kivume likienda polepole ili watu walisikie.

Jumanne iliyopita asubuhi nilikuwa nakata kona kuingia kituo cha sokoni. Mfagiaji wa barabara, mama wa makamo, alikuwa ameinama akizoa taka, amenipa mgongo. Nilidhani atapisha. Kila mtu hupisha. Nilipokanyaga breki nilikuwa nimeshachelewa, na nyonga yake ikavunjika. Nilipiga magoti kwenye lami nikamshika mkono. Hakuwa na hasira hata kidogo. Aliniambia tu, "Mwanangu, sikusikia kitu."

Tangu siku hiyo usingizi umenipotea. Nikivuka barabara nageuka nyuma kila hatua, na mlango ukigongwa nabana pumzi. Wachunguzi walikuta waya wa kipaza sauti umechomoka, wakamsimamisha kazi fundi wetu, yule tunayemwita Spana, kwa sababu ndiye aliyetia sahihi kwamba kila kitu kiko sawa. Aliapa kwamba aliukaza mwenyewe. Hawakumwamini. Nami nilikuwa nimekaa chumba hicho hicho walimomhoji, nikiangalia vidole vyangu.

Baba, Spana alisema kweli. Waya niliuchomoa mimi, siku tatu kabla. Ule mvumo ulikuwa unaniumiza kichwa kutwa nzima, nikajiambia nina macho, nina honi, yatosha.

Leo mchana nimemweleza meneja yote. Hakunifokea. Alinipa karatasi akaniambia niandike kwa mkono wangu, kisha akafunga mlango. Spana anarudi kazini. Leseni yangu imechukuliwa, na keshokutwa nimeitwa polisi. Sijui kama nitalala nyumbani siku hiyo. Kabla ya hapo nitapita hospitali, yule mama alisikie jambo hili kinywani mwangu. Polisi nawaogopa, lakini kitanda chake nakiogopa zaidi.

Msalimie Mama na wote wanaoniulizia, ila hii usimsomee kwanza. Keshokutwa, nikipata nafasi ya kupiga simu, naomba upokee wewe.

Ni mimi binti yako,
Kitinda mimba