Mlango wa Mama

Makorora,
Kwa mkono wa Asheri, Seremala, Bandarini,
Tanga.
28 Desemba 1956

Mpendwa kaka Luka,

Shikamoo. Hujambo wewe, hajambo wifi Benedikta, hawajambo watoto? Noa bado anakohoa? Barua yako ya mwezi wa kumi ilisema anakohoa, basi kila Jumapili nimekuwa nikimwombea kikohozi kimtoke, na nataraji Mungu kanisikia. Sisi huku wazima. Mimi nimeungua kidole kwa pasi na shemeji yako Asheri analalamikia goti, lakini hayo si magonjwa, ndiyo maisha. Poleni na mbu wa Jinja. Wa hapa Tanga nao hawajambo, wananenepa.

Sasa, nakujua. Umeshaanza kuruka mistari unatafuta jina la Mama. Rudi! Rudi juu usome taratibu kama ulivyofundishwa, maana mwaka huu nimeutolea jasho na nitausimulia wote.

Uliniandikia kwamba Mama akiuona mwaka mpya bado yuko peke yake kule Bumbuli, utaacha kazi kiwandani urudi kulima. Barua ile niliisoma nikalia, kisha nikakasirika. Mtu aache kazi kama hiyo, na watoto watano waendelee kusoma kwa fedha gani? Lakini nilikuelewa. Tangu siku ile aliyoteleza na mtungi njia ya mtoni, akalala pale chini hadi majirani walipompata, mimi pia usingizi ulinipungua. Wewe ndiye mwana wa kiume pekee, nami nimeolewa, na Mama unamjua: kulala nyumba ya mlango mmoja na mkwewe hataki hata kusikia. Alisema, "Nikohoe usiku mkwe anisikie? Bora nife na haya zangu." Haya, jibu lako limo humu ndani. Nitalifikia.

Kwanza kabisa: najua kuendesha baiskeli! Cheka, cheka sana, lakini ndivyo hivyo. Semeni, mke wa jirani yetu Mzee Sadalla, ndiye aliyenishikia tandiko, buibui linamponyoka, tunakimbizana jioni kwenye uwanja wa Nguvumali na watoto wa mtaa mzima wanashangilia nyuma yetu. Siku aliyoniachia bila kuniambia nilikwenda vizuri mno, mpaka nilipogeuka kumshukuru. Nikaingia mtaroni pamoja na sare za shule za watu nilizozifunga nyuma. Nilizifua zote upya. Asheri alipoona ringi imepinda hakugomba, aliinyoosha kimya, kisha akaniuliza kama mtaro haukuumia.

Sare hizo ndizo kazi yangu ya mwaka. Mwezi wa pili nilipata cherehani yangu mwenyewe, ya mkono, na tangu hapo haijapoa. Kaptura, mashati, magauni ya kwaya, yote yamepita chini ya sindano yangu. Ukimwona mtoto wa Makorora kaptura yake haijapasuka makalioni, ujue nimeishona mimi.

Shemeji yako yuko vilevile bandarini. Meli zinatia nanga mbali, mkonge unapelekwa kwa matishari, na matishari yanavunjika kama vikombe, kwa hiyo kazi ya seremala haikosekani. Akitoka huko anapuliza tarumbeta. Ee, kaka! Kanisa limepata matarumbeta, naye akapewa lile kubwa kuliko yote, la sauti nzito. Miezi ya mwanzo hata mbuzi wa mtaani hawakulala. Mzee Sadalla alikuja kwa adabu zote akauliza kama tuna ng'ombe aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Lakini mwezi wa nane tulikwenda Muheza kwa treni, kwaya na tarumbeta pamoja, na watu walisimama kwenye mabenchi kutuona. Nilimtazama mume wangu mashavu yamejaa upepo, nikaona fahari mpaka nikasahau kuingia sauti yangu ya pili. Mwalimu wa kwaya bado hajanisamehe.

Sasa nyumba. Tumejenga! Kile chumba cha kupanga cha Chumbageni tulikiaga mwanzoni mwa mwaka, tuna nyumba yetu Makorora, ya boriti za mkoko, fito, udongo na makuti mapya. Na tumeijenga kwa ajili ya Mama. Aliyelibuni jambo hilo ni Asheri, si mimi. Alisema kama Mama hawezi kupita mlango anaopita yeye, basi apate wake. Tukapima chumba cha ubavuni kisicho na njia yoyote ya kuja kwetu, ukuta mzima katikati, na mlango wake peke yake unaofungukia kichochoroni, na mahali pa jiko lake nje. Mlango wenyewe aliuchonga kwa mbao za mvule, jioni baada ya jioni, akauegemeza uani ungoje ukuta. Nakwambia, hata mlango wetu wa mbele si mzuri hivyo.

Salamu nikamtuma Laurenti, yule dereva wa lori la mboga linaloshuka kutoka Bumbuli. Mama akajibu kwamba atakuja kutazama. Kutazama tu! Mafiga yake anayaacha jikoni kwake, maana mwanamke hahami bila mafiga yake, na yeye hahami. Nikasema haya, na aje atazame. Tukamtarajia Jumatatu, mwezi wa kumi na moja.

Jumamosi iliyotangulia tukaita watu kwa msaragambo wa kukandika chumba cha Mama, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Ikaja kwaya, wakaja majirani, udongo ukakanyagwa, maji yakachotwa, na nyimbo za Kidigo, Kibondei na za kwetu zikagongana hewani. Asubuhi ileile Asheri akaitwa bandarini, tishari limepasuka. Mimi na Semeni tukawa jikoni na masufuria ya bada ya muhogo na samaki papa. Ukuta akausimamia Mzee Sadalla.

Na Mzee Sadalla, Mungu ampe umri mrefu, akauona ule uwazi wa kichochoroni. Akawaambia vijana, chumba gani cha kulala kina mlango wa njiani? Seremala kakosea upande, maskini, kwa uchovu wa kazi. Basi wakauziba kwa fito na udongo, wakaulainisha kwa viganja mpaka ukang'aa. Kisha wakakata ukuta wa kati, wakafungua njia pana inayotazamana na kitanda chetu sisi! Akaniita kwa furaha nije nione walivyotuokoa na wezi. Nilipiga yowe hata Semeni akadhani nimeungua.

Nikamweleza habari ya mkwe. Akanishangaa. "Mkwe ni mama, si mwali wa kufungiwa!" Kwao mama mkwe anakaa ukumbini anakula na mkwewe. Nikamwambia ninyi wa pwani mna yenu na sisi wa milimani tuna yetu. Alipofahamu alishika kichwa, na hapohapo honi ikalia. Lori la Laurenti! Kumbe Mama hakutaka kuingoja Jumatatu, na Jumapili yeye hasafiri.

Akashuka na kifurushi chake na kuku mweupe aliyefungwa miguu. Akaizunguka nyumba mara moja, akaizunguka tena. Akaniuliza, "Ruthi, mlango wangu uko wapi?" Nikamwonyesha ukuta mbichi. Afadhali angenigombeza, kaka. Alikaa tu juu ya kifurushi chake pale kichochoroni, akasema usiku atalala kwa Semeni, na Laurenti akirudi atarudi naye. Nilikuona wewe waziwazi, umesimama shambani Bumbuli na jembe mkononi, na kiwanda umeshakiaga.

Mara Asheri huyo, na baiskeli. Kumwona mkwewe tu, akaitupa baiskeli akajificha nyuma ya lundo la udongo. Miaka kumi na miwili ya ndoa yetu hawajapata kutazamana usoni. Kule nyumbani wakikaribia kukutana njiani yeye huingia migombani kama mwizi wa ndizi. Nikamfuata nikamnong'oneza yote. Akatwaa shoka, akapita mlango wa mbele, akaingia chumba cha Mama kwa ile njia ya Mzee Sadalla, akaanza kuukata ukuta mpya kutoka ndani.

Mama akasogea kidogo akaupa ukuta mgongo. Nami nikawa tarishi. "Ruthi, mwambie mwenzio aanzie juu." Asheri, anzia juu. "Mwambie mama nimesikia." Mama, amesikia. Na wote wawili wanasikiana vizuri kama unavyosikia kengele ya kiwanda chako! Mzee Sadalla yuko barazani kwake, hajui acheke au aingie ndani kwa aibu.

Ndipo nikasikia harufu ya bada inaungua. Nikakimbilia jikoni, nikawaacha bila tarishi. Huku nyuma boriti ya juu ya mlango ikaachia. Mama alikuwa amegeuza shingo kidogo, aitazame kazi na si mkwe, hadi leo anaapa hivyo. Akapiga ukelele:

"Asheri! Rudi nyuma!"

Jina lake, kaka! Jina la mkwe, ambalo mama mkwe wa kwetu hushuka nalo kaburini bila kulitamka. Boriti ikamgonga goti badala ya kichwa. Nami nimesimama mlangoni pa jiko na mwiko mkononi, bada inadondoka miguuni. Kutoka ndani ya vumbi nikasikia, "Naam, mama."

Mama akajifunika khanga uso mzima. Nikajua sasa basi, huyu atakwenda Bumbuli kwa miguu, hatangoja lori. Badala yake akainama akamfungua yule kuku, akarudi kinyumenyume mpaka penye tundu, akapitisha mkono nyuma ya mgongo wake bila kutazama. "Pokea, mwanangu. Nimekutaja, nami nimelipa." Ukatokea mkono wa Asheri umejaa udongo, ukampokea kuku. Nililia mbele za watu, wala sikuona haya.

Jioni ileile mlango wa mvule ukasimama mahali pake. Lile tundu la ndani Mzee Sadalla alikataa mtu mwingine asiliguse, aliliziba yeye kwa mikono yake.

Usifurahi upesi, maana hata mimi sikufurahi. Mama alikaa, lakini alikaa kigeni. Kifurushi hakukifungua chote. Alipikia jiko la kuazima la Semeni. Kila lori lilipokuja aliuliza linarudi lini, kisha anasema labda la wiki ijayo. Nami nikawa nahesabu malori na kuiogopa barua yako.

Lakini wanazungumza, hao wawili! Kupitia ukuta. Jioni Asheri anakaa upande wetu, Mama upande wake, anamwuliza habari za meli, naye anaulizwa habari za mahindi na mvua za milimani. Wakati mwingine wanacheka, nami nagonga ukuta nawauliza kuna nini, wananiambia hayanihusu. Papa, ambaye siku ya kwanza Mama alimzibia pua, sasa akimkosa siku mbili anauliza kama bahari imekauka.

Sikukuu nilimshonea gauni la rangi ya samawi. Sikumpima, nilikumbuka tu mikono yangu inavyomzunguka nikimkumbatia, na lilimkaa barabara. Alfajiri ya Krismasi Asheri akasimama kichochoroni na lile tarumbeta kubwa, akaupa mlango mgongo kama adabu inavyotaka, akapuliza ule wimbo ambao marehemu Baba alikuwa akiuimba akienda shambani. Alikosea mahali pawili. Kutoka ndani Mama akauitikia wote, hata pale penye makosa. Semeni alikuja na sahani ya kaimati, akakaa kizingitini akasikiliza mpaka mwisho.

Na sasa ndio umefika, kaka, ulipokuwa ukipakimbilia tangu mstari wa kwanza.

Jana lori la Laurenti lilikuja. Mama akatoka mbio kabla yangu, nikajua anakwenda kuomba nafasi ya kurudi. Laurenti akafukua kati ya makabichi, akashusha jiwe. Akashusha la pili, akashusha la tatu, meusi kwa masizi, huku analalamika kwamba Tanga nzima ni mawe, kwa nini abebeshwe mawe kutoka milimani. Mama akamwambia mawe ya pwani yanapasuka motoni, na tena anyamaze. Kumbe alimwagiza tangu wiki iliyopita na mimi sina habari. Ni mafiga yake, Luka. Yaleyale aliyotupikia sisi. Aliyapanga mwenyewe nje ya mlango wake, akalirudisha jiko la watu, na uji wa leo asubuhi tumeunywa kutoka pale. Asheri bakuli lake alipitishiwa kwa nyuma ya mgongo.

Basi nisalimie sana wifi Benedikta, mwambie kitambaa cha gauni lake nimeshakata. Nisalimie Noa na wadogo zake mmoja mmoja, usiwasalimie kwa jumla. Shemeji yako anakusalimu, na goti lake pia. Mzee Sadalla na Semeni wanakusalimu ijapokuwa hawajakuona, na Mzee anasema ukija kujenga Tanga usimwite kusimamia ukuta. Mungu awalinde huko mliko, abariki mikono yako kazini, na mwaka unaoingia awape afya na atuonyeshe nyuso zenu.

Mama yuko hapa kando yangu, anataka niandike maneno yake na nisiongeze langu hata moja. Anasema: "Kaa na kazi yako, mwanangu. Mimi niko kwangu."

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata unaponikasirisha,
Ruthi