Picha Bila Sauti Sebuleni kwa Mzee Khaemba

Naivasha, 14 Oktoba 1979

Kwako Mzee Khaemba,

Nadai, na nitathibitisha, kwamba shahada yangu ni ya kweli, na kwamba uliyoyasema kanisani Jumapili iliyopita ni uzushi unaochukiza.

Natumaini mguu wako umepata nafuu. Hapa upepo umeng'oa bati la jirani yangu.

Ile kompyuta ndogo niliyotoka nayo Uingereza ilionyesha picha kwenye televisheni yako, mbele ya wazee waliokuja kushuhudia nikimposa binti yako Truphosa. Sauti haikutoka. Ukasema, "Kijana, umetuletea bubu! Huko Ulaya ulisomea nini, kupangusa vioo?" Wazee wakaangua kicheko, nami nikazidi kuzungusha vifungo huku jasho likinitiririka.

Jana fundi Jasbir alinieleza sababu: sauti ya mashine za Uingereza hupita kwenye masafa tofauti kidogo na ya televisheni zetu. Akairekebisha kwa bisibisi, ikalia. Nakiri kwamba alijitolea kufuatana nami siku ile, nikamjibu kwamba sihitaji fundi wa redio.

Hilo ni kosa langu. Lakini kuniita tapeli mwenye shahada bandia mbele ya waumini, kisha kuirudisha posa yangu kama sahani chafu, ni aibu ambayo hata adui haifanyi.

Truphosa hajajibu barua zangu tatu. Jumapili ijayo nitakuja kanisani kwenu Nakuru, nikae kiti cha mbele. Simama mbele ya watu wale wale, useme: ni yeye aliyenikataa, au ni wewe?

Anayesubiri jibu lako,
Wasike