Sakafu ya Mke Mwenzangu

Mume wangu Mwinjuma, marahaba. Najua huko uliko umeniamkia. Zuleha wa jirani ananiandikia. Mbuzi kazaa mapacha.

Nasikia umemsakafia bibi yako mzaa baba kule Mafiga. Ukatia dawa ya chuoni kwenu, saruji nzito ikatiririka kama uji bila kuongezwa maji. Mke mwenzangu anatamba eti haina ufa! Na mimi niliyemzaa mama yako, niliyekufundisha kutia mlenda kwenye udongo wa sakafu ili ushikane? Yangu imepasuka, mchwa wanapita.

Zuleha anacheka, ati naona wivu. Naona, tena sana! Njoo na dawa yako. Hata ikipasuka, mradi umelala kwangu.

Mkeo wa kwanza,
Bibi wa Kinole